Kurasa Mbili za Jérémie

Kifaransa cha Kasoki kilianzia kwenye katoni za sabuni. Kila jioni, depo lao la maharage la Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, likishafungwa, mume wake Jérémie alichana upande mmoja wa katoni, akachukua kalamu nene ya kuandikia magunia na kuandika kitenzi kimoja. Kisha alikikatakata kwa vistari vya wima, silabi baada ya silabi, na mkewe akavisoma vipande vile huku akigonga paja kwa kidole. Ven, don. Ven, dé. Walipofika kwa "wao wanauza", vendent, Jérémie alizungushia duara herufi tatu za mwisho.

"Hizi zimelala," alimwambia. "Ziko pale, unaziona, lakini usiziamshe."

Kasoki aliziamsha. Kila mara. Alisoma "vendenti" kwa sauti ya mtu anayeita mteja ng'ambo ya barabara, na Jérémie alicheka mpaka akaegemea magunia ya maharage.

"Umeamsha nyumba yote, mama."

"Kama hazisemi kitu, zimewekwa pale za nini?"

"Uliza Wafaransa. Miye nauza maharage."

Kasoki alikuwa ametoka shule darasa la nne, kijijini karibu na Butembo, mama yake alipougua. Hakuwa mjinga. Aliweza kuingiza mkono ndani ya gunia na kukuambia maharage yale yalivunwa kabla ya mvua au baada. Lakini katika nchi hii karatasi zote zinazoamua maisha ya mtu zimeandikwa kwa lugha ambayo wengi wanaijua kwa sauti tu, na Kasoki alikuwa amezoea kusimama nyuma ya bega la mumewe, akisubiri aambiwe karatasi imesema nini. Siku moja, katika ofisi fulani, karani alimpa fomu, akamtazama akiigeuza juu chini, akacheka. Jioni ile Jérémie alichana katoni ya kwanza.

Waliendelea hivyo miaka miwili. Hawakuwa na mtoto. Walikuwa na depo, nyumba ya vyumba viwili nyuma yake, na rundo la katoni zilizoandikwa, ambalo Kasoki alikataa litupwe. Walimaliza vitenzi vya wakati uliopo, wakagusa kidogo vya wakati ujao. Jérémie alikuwa na mpango: Kasoki asome somo la kwanza kanisani, siku ya Pasaka.

"Utasoma mbele ya watu," alisema. "Na miye nitakaa nyuma kabisa, nisikie kama inafika."

Jumanne moja ya mwezi wa sita, asubuhi ya baridi, Jérémie alianguka katikati ya magunia. Gari lilipofika hospitali, hakukuwa tena na la kufanya.

Kilio kilianza siku hiyohiyo. Turubai lilifungwa mbele ya depo, viti vya plastiki vikakodiwa, wanaume wakawasha moto wa kuni barabarani kwa sababu ya upepo. Kasoki aliketishwa kwenye godoro sakafuni, kitambaa kichwani, na wanawake wakaketi naye. Jirani yake Agnès ndiye aliyemletea bukari, ugali wa huku, akamwambia ale, akaondoa sahani ikiwa kama ilivyokuja. Wengi waliokaa pale walikuwa wafanyabiashara wenzao waliotoka Kivu kama wao, watu wema, lakini walimjua Jérémie kwa mikutano na michango. Ndugu zake wa damu walikuwa Butembo. Vita vilikuwa vimekata barabara, na nafasi kwenye ndege isingepatikana kabla ya wiki iliyofuata. Kasoki alihesabu nyuso zilizoingia na kutoka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemjua Jérémie akiwa kijana. Yeye tu.

Sasa, katika mji huu mtu haziki mtu wake bila biographie. Kabla jeneza halijashushwa, mtu anasimama na kusoma maisha ya marehemu kwa Kifaransa: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani, ameacha nani. Si Kifaransa cha kila siku. Ni kile cha zamani, ambacho vitenzi vyake huvaa mavazi ya sherehe, na ambacho watu wengi hukisikia makaburini tu. Mtu ameuza kwa Kiswahili, amependa kwa Kiswahili, ameugua na kuomba maji kwa Kiswahili, na siku ya mwisho anafungiwa ndani ya maneno ambayo mama yake mzazi asingeyaelewa. Na watu hupima. Kurasa mbili, alikuwa mtu. Nusu ukurasa, familia imeaibika.

Damien, mwenyekiti wa wafanyabiashara wale, alikuwa tayari amemwagiza Maître Rigobert aiandike. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaa, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini ya Katanga, mzee wa koti moja na kalamu tatu mfukoni. Biographie zote za Naviundu zilitoka kwake. Msomaji angekuwa Damien mwenyewe.

Jumatano mchana Damien aliinama mlangoni mwa chumba cha wanawake kumweleza Kasoki mipango. Kasoki alisikiliza mpaka mwisho.

"Nitaisoma miye," alisema.

Wanawake waliacha kuzungumza.

"Dada," Damien alisema polepole, "mujane hasemake kwenye kaburi. Mujane anakaa, bengine banasema. Bantu batasema nini?"

"Batasema mujane alisoma."

"Na Français? Unaiweza?"

"Weye ulimujua Jérémie tangu mwaka gani?"

Damien alifikiri. "Elfu mbili kumi na saba. Tulikutana kwenye mkutano."

"Miye nilimujua akiwa na kaptula."

Damien alikuna kidevu. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu anayeogopa aibu ya jamii nzima, na jamii yao ilikuwa ya wageni ambao mji ulikuwa unawatazama. "Sawa," alisema. "Lakini nitasimama kando yako. Ukikwama katikati, natwaa karatasi, namaliza. Tusichekwe."

Karatasi ilifika Alhamisi saa nne asubuhi, kurasa mbili zilizopigwa chapa kwenye kibanda cha sekretarieti. Mazishi yalikuwa Ijumaa asubuhi. Kasoki aliomba kalamu. Akaweka ukurasa wa kwanza juu ya goti, akatazama kitenzi cha kwanza, na hakukijua.

Alitazama cha pili. Hicho nacho hakukijua. Alikuwa anawafahamu watu wa kila kitenzi, miye na weye na yeye, lakini vilikuwa vimevaa mikia asiyowahi kuiona. Jérémie hakuwa amefika huku. Katoni zote zilikuwa za leo na kesho. Hapakuwa na hata moja ya jana.

Akamtuma Agnès amwite Maître Rigobert.

Mwanaume hawezi kuingia chumba cha mjane, kwa hiyo mzee aliletewa kigoda nje ya mlango, na pazia likabaki limeshushwa kati yao. Ikawa darasa. Sauti ya Rigobert ilitoka upande mmoja wa kitambaa chenye maua, na ya Kasoki upande wa pili.

"Il na-quit," Rigobert alisema. "Alizaliwa. Silabi mbili. Na. Ki. Ile t ya mwisho usiitamke."

"Imelala."

"Nini, mama?"

"Hakuna kitu. Endelea."

"Il é-pou-sa. Alioa. Tatu."

Kasoki alikata kwa kalamu, akagonga paja mara tatu. É. Pou. Sa. Akarudia.

"Muzuri. Sasa hii inakuwaka nguvu kwa batoto. Ils ar-ri-vè-rent. Balifika. Inaandikwa silabi ine, lakini masikio yanasikia tatu. Ar. Ri. Vèr. Kisha kimya."

Kasoki alichora duara kuzunguka herufi tatu za mwisho. Alisoma, akapita kando yao bila kuzigusa, kama unavyopita kando ya mtoto aliyelala mkekani.

"Bon," alisema Rigobert, na ilisikika kwamba ameshangaa. "Nani alikufundisha?"

"Huyu munamuzika kesho."

Nyuma ya pazia kigoda kililia. Kisha Agnès, aliyekuwa ameegemea ukuta, akasema, "Kilio gani hii, inakuwa sawa na darasa ya tatu. Maître, utapiga kengele tupumuzike?" Wanawake wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na Kasoki naye akacheka, kisha akaona haya na kujifunika uso.

Saa saba Rigobert aliitwa kula. Kasoki alibaki na ukurasa wa pili peke yake. Sasa mikia ile haikumtisha. Alianza kuzoea umbo lake. Alikata taratibu. Il ai/ma. Alipenda. Hii ilikuwa rahisi. Alipenda nini? La pêche.

"Agnès, pêche ni nini?"

"Kuvua samaki."

Kasoki alitazama karatasi. Jérémie aliogopa maji. Hata mto mdogo wa Naviundu aliuvuka akiwa ameshika nguzo za daraja kwa mikono miwili. Pengine Maître aliambiwa vibaya, alifikiri. Akaendelea. Il chan/ta. Aliimba. Wapi? Kwaya ya parokia, miaka ishirini. Jérémie alipoimba kanisani watu wa benchi la mbele waligeuka kuona nani anaumwa.

Kisha akafika chini ya ukurasa. Il lais/sa. Aliacha. Une veu/ve. Mjane. Neno hili alilijua tangu Jumanne, maana lilikuwa jina lake jipya. Na baada yake, maneno mawili ambayo hayakuhitaji kalamu, ambayo alikuwa ameyasoma mamia ya mara, moja kwenye katoni na jingine kwenye mabango ya shule.

Et six enfants.

Na watoto sita.

Kasoki aliweka kalamu chini, na Agnès akamuuliza kama anataka maji. Alikuwa amepoteza mimba tatu, ya mwisho hapahapa Lubumbashi, na kila mara Jérémie alimrudisha nyumbani bila kusema neno juu ya watoto, akachemsha chai tu. Kesho mbele ya jeneza lake angesomewa sita.

Rigobert alirudi akipangusa mdomo na kuketi kwenye kigoda chake. "Tuko wapi, mama?"

"Maître," Kasoki alisema kupitia pazia, "ukurasa ya pili ni ya nani?"

"Soma kwanza," alisema mzee.

"Nimesoma. Anavua samaki. Anaimba. Ana batoto sita. Ni ya nani?"

Aliposema tena, sauti ya Rigobert ilikuwa chini. "Ya kaka yangu Kabwe. Alikufa miaka kumi na moja sasa. Alivuaka samaki kwa Lualaba tukiwa batoto, na hapa aliimba kwaya mpaka mwisho. Batoto wake sita banaishi. Nilimulilia siku tatu, kisha nikaandika ile. Siku ya kuzika, bantu bote balilia. Tangu siku ile, kila kilio, bananiambia: Maître, andika kama ya Kabwe. Nikaandika kama ya Kabwe. Kisha nikachoka kuandika, nikaanza kugeuza majina. Ukurasa ya kwanza yako niligeuza muzuri. Ya pili nilisahau kuigusa."

"Basi nusu ya wafu wa Naviundu walivua samaki," Agnès alisema.

"Na hakuna muntu aliuliza?" Kasoki akauliza.

"Weye njo wa kwanza." Rigobert alisema bila kujitetea. "Bantu habasikilizake, mama. Banasikiaka tu Français inapita."

Hakuwa mwovu, mzee huyu. Alikuwa amewapa watu walichotaka: kurasa mbili, sauti nzito, mikia ya sherehe. Hakuna aliyedai maisha ya marehemu wake, na wala hakuna aliyeona kwamba hakuyapata. Kasoki peke yake aliliona hilo, kwa sababu yeye peke yake hakuweza kukiacha Kifaransa kipite. Ilimbidi akisimamishe kila silabi na kukiuliza kinakwenda wapi.

Rigobert alitaka kuandika upya, lakini kibanda cha sekretarieti hakikuwa na umeme tangu mchana. Kasoki akamwambia aende akapumzike. Akarudi mwanzo wa ukurasa wa kwanza, na kila sentensi aliyoisoma alijiuliza swali moja tu: ni yeye? Kama si yeye, alipitisha mstari. Mstari wa mwisho ulianza mara baada ya neno veuve na kwenda mpaka pembeni mwa karatasi.

Zilibaki sentensi saba.

Damien alipoziona Ijumaa asubuhi, gari la maiti likiwa limeshaegeshwa, alifikiri ni mzaha.

"Hii ni nini? Hata mulinzi wa depo anapata ukurasa muzima."

"Ni yeye."

"Dada, batoto tutoe, nimekubali, ile ni kosa kubwa. Lakini kwaya tuache. Kuimba si aibu."

"Hakuimba."

"Nani anajua?"

"Miye."

Damien alitazama watu waliokuwa wanapanda magari, kofia zao, suti zao za msiba. "Batasema bantu ya Kivu hatuheshimu maiti yetu," alisema.

"Waambie ni miye. Waambie mujane ni mukaidi." Alikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani.

Makaburini upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu kwenye mashada. Padri alimaliza, akarudi nyuma. Kasoki alisimama kando ya jeneza, na minong'ono ikapita kati ya wanawake walipoona kwamba ni yeye. Damien alisimama kushoto kwake, mkono tayari.

Alianza. Na, ki. Kidole kiligonga paja chini ya kitenge. Alizaliwa Butembo. Alisoma mpaka mwaka wa tatu wa sekondari. Alimwoa Kasoki, hapa alitaja jina lake mwenyewe kama mtu anayemtaja jirani. Walifika Lubumbashi: ar, ri, vèr, kisha kimya, na hakuamsha kitu. Aliuza maharage. Alimcha Mungu. Kwenye hii, ya sita, ulimi ulitaka kuteleza, maana kitenzi kile kilikuwa kigumu kuliko vyote, na Damien akanyoosha mkono. Kasoki hakumpa karatasi. Alirudi mwanzo wa neno, akalikata katikati mdomoni, akalitoa. Kisha ya saba. Il lais-sa une veuve.

Akanyamaza.

Watu waliendelea kusubiri. Mtu alikohoa. Mwanamke mmoja akamwuliza mwenzake kama karatasi imepeperushwa na upepo. Biographie haikuwa imefika hata dakika mbili, na umati ule wote, uliokuwa umejiandaa kwa ndefu, ulisimama pale na mikono yake bila kujua pa kuiweka. Hakuna aliyelia. Maître Rigobert, mbali kidogo, alikuwa amevua kofia na kuitazama ndani.

Kasoki aliinua macho, akatazama nyuma kabisa, nyuma ya suti na vitenge, pale ambapo mtu angekaa kama angetaka kusikia iwapo sauti inafika. Palikuwa na madereva wawili waliosimama kando ya magari, mmoja akila karanga. Wachimbaji wakashika kamba.

Sokoni walimpa jina wiki ileile: Mama Dakika Moja. Damien alimtetea mkutanoni, ingawa bila moyo. Watu wa Butembo walipiga simu, shemeji yake mkubwa akauliza kama biographie ilikuwa nzuri, naye akasema ilikuwa nzuri, na kama ilikuwa ndefu, naye akasema hapana. Shemeji alingoja aeleze. Mtandao ukakatika. Viti vilirudishwa, turubai likafunguliwa, Agnès akarudi kulala kwake. Juu ya Rigobert watu walianza kulalamika: siku hizi mzee anauliza maswali mengi mno kabla ya kuandika, marehemu alipenda chakula gani, alikuwa anaogopa nini, kana kwamba ni polisi.

Katikati ya mwezi wa saba Kasoki alifunga depo mapema, jua likiwa bado juu ya mabati. Alichana upande wa katoni ya sabuni. Kalamu nene ilikuwa kwenye msumari wake. Aliandika "walifika" kwa Kifaransa, akapitisha vistari, akazungushia duara zile tatu za mwisho, akaweka katoni juu ya magunia, mahali ambapo Jérémie alikuwa anaweka.

Akasoma kwa sauti. Akasoma tena. Alidhani amesoma sawasawa, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia kama amemwamsha yeyote.